Cabin Fever: Maradhi Yaliyopitia Mlango Uliofungwa

Wapo wenzetu wanaodai kwamba sinema za kutisha hazistahili uhakiki, eti ni damu na makelele tu. Nawaomba waitazame Cabin Fever (2002), filamu ndefu ya kwanza ya mwongozaji Mmarekani Eli Roth, kisha waniambie kama damu ile imemwagwa bure.

Kisa chenyewe ni chepesi. Vijana watano waliomaliza chuo wanakodi nyumba ya mbao msituni ili wastarehe. Usiku anabisha hodi Henry, mkaazi wa msitu ule, ngozi imeoza, anaomba msaada. Wanamfungia mlango. Anapoingia katika gari lao wanamtimua, na katika purukushani hiyo Paul anamwasha moto. Henry anakimbilia gizani na kufia bwawani. Bwawa hilo ndilo linaloleta maji nyumbani kwao.

Hapa ndipo ufundi ulipo. Sisi watazamaji tunaiona maiti majini, wahusika hawaioni. Basi Karen anapoinua bilauri ya maji, mtu unataka kumpigia kelele. Kinaya kinajengwa kwa bomba na bilauri, hakuna zimwi wala mzuka! Roth amewahi kueleza kwamba wazo alilipata alipougua ngozi huko Iceland, lakini alichokiongeza ni kikubwa kuliko ugonjwa: wangemfungulia Henry, asingefia bwawani.

Karen anapougua, marafiki zake wanamfungia bandani. Wanamtenga bila kujua ugonjwa unaambukizwa vipi, na maji yenyewe yanaendelea kutiririka bombani. Msomaji anayekumbuka jinsi mgonjwa wa UKIMWI alivyotengewa sahani na kikombe hahitaji kufafanuliwa. Jeff anawakimbia wote na bia zake. Haambukizwi, anarudi akishangilia, polisi wanampiga risasi.

Kasoro ipo, nayo ni utani. Yule mtoto anayeruka mateke ya karate akidai chapati za maji anatuvunjia hofu iliyojengwa kwa taabu. Wengine watasema utani unampumzisha mtazamaji. Mimi nasema apumzike akifika nyumbani. Tena utani wa muuza duka kuhusu watu weusi hauna kazi yoyote katika maudhui.

Mwisho, hata hivyo, umenyooka: watoto wanateka maji kijitoni, wanatengeneza maji ya limau, wanauza. Halafu linapita lori la maji ya chupa.