Maji Yanapotea, Chini Pakavu

Gari linalopunguza maji ya rejeta bila kudondosha hata tone ndilo linalowasumbua mafundi. RAV4 ya kizazi cha kwanza katika parseli ya jirani yangu, komuni ya Ibanda mjini Bukavu, ilikuwa na ugonjwa huo. Alikuwa ameshashauriwa amwage manjano kwenye rejeta, kisha ang'oe themostati. Ushauri wa pili ni mbaya zaidi: injini haifikii joto lake, inakunywa mafuta, na uvujaji unabaki palepale.

Bukavu haina msamaha kwa uvujaji kama huu. Mji uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na maji ya sufuria isiyofunikwa huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Themostati ya injini yake, 3S-FE, hufunguka kwenye nyuzi 82. Nafasi iliyobaki ni ndogo. Kinacholinda ni shinikizo linaloshikwa na kifuniko cha rejeta, na kitundu kidogo tu hulipunguza. Ukipanda komuni ya Kadutu na mzigo, sindano ya joto inapanda pia.

Ili uvujaji uonekane, mfumo hutiwa shinikizo, lakini kifaa maalumu cha kazi hiyo hakikuwepo. Jirani alichukua kifuniko cha zamani, akatoa springi, akatoboa na kukaza valvu ya tairi, akaziba paipu ya kidumu cha akiba, kisha akajaza upepo kwa pampu ya baiskeli yenye geji hadi bar 0.9. Injini ilikuwa baridi, na hilo ndilo jambo la msingi: ikiwa moto, maji hukauka juu ya chuma kabla hujayaona. Geji ikaanza kushuka taratibu. Tochi ikaonyesha ukoko wa waridi chini ya kava la mkanda wa taiming, na juu yake unyevu ukitoka kwenye tundu dogo la pampu ya maji. Tundu hilo limewekwa makusudi kutoa habari kwamba sili ya ndani imekufa. Ukiliziba kwa silikoni, maji yataelekea kwenye beringi.

Pampu hii huzungushwa na mkanda wa taiming, kwa hiyo alama za puli zilipangwa kwanza, ndipo mkanda ukatolewa. Nati mbili za bomba la nyuma hufunguliwa kabla ya bolti za pampu. Ukigeuza mpangilio utapinda bomba. Gasketi kuukuu ilikwanguliwa kwa kipande cha mti, maana bisibisi huchora aluminiamu. Pamoja na pampu mpya, mkanda mpya ulifungwa papo hapo: kurudia kazi yote kwa ajili yake baadaye ni ujinga.

Jeki ilitaka tambarare, kitu adimu Bukavu, na magurudumu yakazuiwa kwa mawe. Mlima ulifaa wakati wa kujaza: pua ya gari juu, hita wazi, kifuniko wazi, hadi mapovu yakaisha. Alijaza kulanti nusu na maji yaliyochujwa nusu. Huku hakuna barafu, lakini kutu ipo. Asubuhi iliyofuata, injini baridi, pampu ya baiskeli ilirudishwa, geji haikushuka.