Lenzi ya Milimita Sita

Matongo, Tarime, wanajua thamani ya vitu vidogo. Dhahabu ya mgodi wa North Mara hutoka chembe kwa chembe kwenye mwamba. Ila kwa bibi aliyezibwa macho na mtoto wa jicho, cha thamani zaidi ni kiduara cha plastiki chenye upana wa milimita 6 hivi.

Asili ya lenzi hii ya bandia ni Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Daktari Harold Ridley wa London aliona marubani waliorukiwa machoni na vipande vya plastiki ya vioo vya ndege, na macho yao hayakuvikataa. Novemba 1949 akapandikiza lenzi ya kwanza. Wakubwa wa fani wakambeza kwa miaka.

Leo wapasuaji wa hospitali za Bugando na KCMC wanastahili pongezi kwa kazi hiyo. Mpasuaji hufungua kijitundu, hutoa lenzi yenye ukungu, huacha kifuko chake, kisha hutelezesha mpya ndani. Itazame kwa darubini: nyingi za siku hizi zina ukingo uliochongwa wima kama ubao wa meza. Si urembo huo. Unazuia seli kutambaa nyuma ya lenzi.

Zikipenya, ukungu hurudi. Hapo leza ya YAG hutoboa kifuko kwa dakika chache, bila kisu, mgonjwa akiwa ameketi na kidevu kimeegemezwa. Inataka mkono mtulivu: ikilengwa vibaya, leza huacha vidonda kwenye plastiki yenyewe.

Kama mzazi wako ameanza kupapasa ukuta mchana kweupe, mpeleke akapimwe.