"Je, Ataipita Rasi?": Picha Isiyoonyesha Chombo

Ukiambiwa uchore dhoruba, bila shaka utaanza na chombo: tanga limeraruka, mlingoti umeinama, na mawimbi yamesimama juu yake kama vilima. Ndivyo walivyofanya wachoraji wengi wa Skandinavia katika karne ya kumi na tisa. J. C. Dahl, mtoto wa mvuvi wa Bergen, alichora mwaka 1832 merikebu iliyovunjika katika pwani ya Norwe, na picha yake yatisha kweli. Lakini Michael Ancher, mchoraji wa Denmark, alifuata njia nyingine. Alichora dhoruba, chombo akakiacha nje ya picha.

Ili uielewe picha hiyo, yakupasa kwanza kuujua ufuo wenyewe. Skagen ni mji ulioko kwenye ncha ya kaskazini ya Denmark, mahali zinapokutana bahari mbili. Chini ya maji mafungu ya mchanga huendelea mbali kupita nchi kavu, na merikebu zilizosafiri kati ya Bahari ya Kaskazini na Bahari ya Baltiki hazikuwa na budi kuizunguka rasi hiyo. Nyingi zilivunjika hapo. Hadi mwaka 1907 Skagen haikuwa na bandari. Wavuvi walizivuta mashua zao mchangani kwa nguvu za mikono. Basi chombo kilichoshikwa na tufani hakikuwa na pa kukimbilia. Ama kiipite rasi, ama kiangamie.

Ancher, aliyezaliwa mwaka 1849, alifika Skagen mwaka 1874, na yapata mwaka 1880 akaionyesha kazi iliyomletea sifa, hata Mfalme Christian wa Tisa akainunua. Jina lake ni swali: "Je, ataipita rasi?" Twaona kundi la wavuvi ufuoni, wamevaa makoti mazito ya kuzuia maji na buti ndefu, chini ya mbingu za kijivu. Wamekaza macho baharini. Huyo anayeulizwa habari zake hatumwoni. Wahenga walisema: asiyekuwapo na lake halipo. Hapa mambo ni kinyume: asiyekuwapo ndiye anayewatawala wote waliopo. Twaisoma bahari katika nyuso za watu.

Lakini usidhani kwamba watu hawa ni watazamaji tu. Mwaka 1852 serikali ya Denmark ilianzisha huduma ya kuokoa watu baharini, na waliopiga makasia ya mashua za kuokolea walikuwa wavuvi kama hawa. Kwa hiyo chini ya swali la kwanza limelala swali la pili: asipoipita rasi, je, sisi tutarudi? Mwaka 1883 Ancher alichora mashua ya kuokolea ikivutwa na farasi kupita vilima vya mchanga. Lars Kruse, mvuvi wa Skagen aliyesifika kwa kuokoa watu, alikufa maji mwaka 1894. Na mwaka 1896 Ancher akachora picha aliyoiita "Aliyekufa Maji". Ukizijua picha hizo, utarudi kwenye ile ya kwanza na kuona kwamba ukimya wa wavuvi wale ni wa watu wanaojipima.

Je, picha haina kasoro? La hasha. Ancher aliwapenda mno mashujaa. Wavuvi wake ni wakakamavu, wala hatuoni hata mmoja ambaye magoti yamemlegea. Wake na mama zao, ambao msiba ungewaangukia, hawamo. Hata hivyo kasoro hiyo haidhuru sana hapa kama inavyodhuru katika kazi zake nyingine, kwa sababu mashujaa hawa hawatendi lolote. Wanangoja, na kungoja hakuna fahari.

Nawe, unapotunga insha juu ya ajali au msiba, kumbuka ufuo huu. Usiharakishe kurundika ngurumo, damu na vilio. Mtafute mtu anayetazama, umweleze vema, kisha umwachie msomaji kazi ya kuona anachokiona. Ancher hakutuambia kama nahodha aliipita rasi. Imepita miaka zaidi ya mia moja na arobaini, na kila asimamaye mbele ya picha hiyo bado analiuliza swali lile lile.