Kidahizo "elekea" kimeharibiwa

Mliokwisha kuifungua kamusi mpya ya wanafunzi mmeuona ukurasa wenyewe. Kidahizo elekea kimepewa mstari mmoja tu: kabili, tazama, geukia. Hakuna mfano wa matumizi, hakuna namba ya kutenga maana ya kwanza na ya pili. Ni uamuzi mbaya, na mhariri alipaswa kuurudisha ulikotoka.

Mwalimu ataufanyia nini mstari huo? Atamwambia mwanafunzi aondoe neno aweke kisawe chake. Haya, tuweke. "Basi linaelekea Tanga." Linakabili Tanga? Linatazama Tanga? "Inaelekea mvua itanyesha." Hapo visawe vyote vitatu vinaanguka kwa pamoja. Iliyosalia ni nyumba: imeelekea bahari, inakabili bahari, inatazama bahari. Sentensi ya aina moja ndiyo iliyobebeshwa kidahizo kizima.

Na hata kwenye nyumba hiyo limerukwa jambo kubwa kuliko yote. Elekea hubeba mkao na hubeba mwendo, na mara nyingi kinachoitenga maana moja na nyingine ni kiambishi cha njeo. Nyumba imeelekea kusini: ndivyo ilivyokaa, mlango wake uko huko. Mtu anaelekea kusini: yumo njiani. Kabili halina safari ndani yake. Linataka kitu kiwe mbele ya uso, ndiyo maana duka huwa mkabala na msikiti na adui hukabiliwa. Geukia linadai kwamba uso ulikuwa upande mwingine kwanza. Tazama linakubali nyumba na dirisha, lakini mshale wa barabarani hautazami popote, umeelekea tu.

Mahali ambapo elekea na kabili hukutana kwa haki ni kwenye sala. Mwenye kusali huelekea kibla, na hukabili kibla pia. Kabili, mkabala na kibla vyote vimetoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu. Wa Mombasa huelekea kaskazini, kwa kuwa Makka iko karibu katika longitudo ile ile, na wazee wa pwani waliiita kaskazini yenyewe kibla. Mswahili wa Maskati huelekea magharibi. Pande mbili, kitenzi kimoja, na mwanafunzi angeelewa papo hapo. Mfano huo ungechukua nusu mstari.

Krapf, katika kamusi iliyotoka 1882, alivijaza vidahizo vyake sentensi za watu. Sacleux, mwaka 1939, alionyesha hata lahaja ya neno. Leo, kila karatasi inapopanda bei, cha kwanza kukatwa ni mifano. Nimelilalamikia hili miaka mingi na sitaliacha. Matokeo yake tunayasikia redioni kila jioni: "kuelekea uchaguzi", "kuelekea mechi", "kuelekea sikukuu", hata pale ambapo "kabla ya" lingetosha.

Minyambuliko, elekeza, elekeana na elekezana, imepangwa bila kosa.

Toleo lijalo likigawe kidahizo hiki mara tatu: mkao, mwendo na dalili. Kila maana ipewe sentensi yake, na kabili libaki kisawe cha ile ya kwanza peke yake.