Mtu Yule Yule, Mizani Mbili: Uhakiki wa Mchezo wa Bismack Biyombo

Tarehe 21 Mei 2016, mjini Toronto, Bismack Biyombo, mzaliwa wa Lubumbashi nchini Kongo, alidaka ribaundi 26 katika mechi moja ya mtoano ya ligi ya NBA. Timu yake, Toronto Raptors, ilikuwa inacheza fainali ya Kanda ya Mashariki dhidi ya Cleveland Cavaliers. Cleveland walikuwa wameshinda mechi zao zote 10 za mtoano mwaka ule, na mbili kati ya hizo waliifunga Toronto yenyewe kwa aibu, 115 kwa 84 na 108 kwa 89. Usiku ule wa mechi ya tatu Toronto walishinda 99 kwa 84. Biyombo alifunga pointi 7 tu. Msimu huo alikuwa mchezaji wa akiba, na baada ya mechi ile sifa zilizomiminika juu yake zilibebwa na sentensi moja: amezidi matarajio.

Katika insha hii nataka kuihakiki sentensi hiyo. Hoja yangu ni kwamba maneno "amezidi matarajio" yanatueleza zaidi habari za mwenye kutarajia kuliko habari za mchezaji. Nitaonyesha kwamba Biyombo wa kabla ya 2016, Biyombo wa 2016 na Biyombo wa baada ya 2016 ni mchezaji yule yule, ila mizani aliyopimwa nayo ndiyo iliyobadilika, mara mbili, na mara zote mbili ilipima vibaya.

Kwanza nieleze istilahi chache, maana hapa Muhokya na Kasese kwa jumla wengi wetu tumelelewa na mpira wa miguu. Ribaundi ni kuudaka mpira uliotupwa kikapuni ukakosa kuingia. Anayeudaka upande wake huwanyima wapinzani nafasi ya pili. Anayeudaka upande wa wapinzani huwapa wenzake nafasi ya pili. Bloku ni kuuzuia mpira hewani kabla haujafika kikapuni. Senta ni yule mrefu anayekaa karibu na kikapu, na hiyo ndiyo nafasi ya Biyombo. Kuna kazi nyingine ambayo haina hesabu katika karatasi ya matokeo: kusimama kama nguzo njiani ili mlinzi wa timu pinzani akugonge, na mwenzako apate upenyo wa kufunga. Pointi huandikwa kwa jina la aliyefunga. Aliyegongwa haandikwi popote.

Sasa tumtazame mtu mwenyewe. Biyombo alizaliwa tarehe 28 Agosti 1992 huko Lubumbashi, mji ambao Kiswahili ni lugha ya sokoni na mitaani. Akiwa bado kijana mdogo alitoka kwao akaenda kucheza Yemen, kisha Hispania. Mwezi wa Aprili 2011, katika mashindano ya vijana ya Nike Hoop Summit mjini Portland, alipata pointi 12, ribaundi 11 na bloku 10, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya katika mashindano hayo. Mwaka huo huo alichaguliwa wa saba katika uteuzi wa NBA, akaishia Charlotte. Timu ile ilishinda mechi 7 na kupoteza 59 katika msimu wake wa kwanza, wastani mbaya kuliko wowote katika historia ya ligi. Alikaa huko miaka minne, na mwaka 2015 Charlotte wakamwacha aende. Toronto wakamchukua kwa takriban dola milioni 3 kwa mwaka, awe msaidizi wa senta wao, Jonas Valančiūnas. Kwa viwango vya NBA, hiyo ni bei ya mtu ambaye hatarajiwi makubwa.

Hebu tulinganishe takwimu. Msimu wake wa mwisho Charlotte, 2014–15, alikuwa akipata wastani wa ribaundi 6.4 kwa mechi, akicheza dakika kama 19. Msimu wa Toronto alipata ribaundi 8.0 na pointi 5.5, akicheza dakika 22. Ukigawa ribaundi kwa dakika utaona tofauti ipo, lakini ni ndogo. Hakuna muujiza hapo. Kijana aliyezuia mipira kumi Portland alikuwa anaendelea kuzuia mipira. Lililobadilika ni pale alipowekwa. Toronto walikuwa na wafungaji wawili mahiri, Kyle Lowry na DeMar DeRozan, nao hawakuhitaji mtu wa tatu wa kuudai mpira. Walihitaji mtu wa kuwafungulia njia, kulinda kikapu na kuurudisha mpira uliopotea. Charlotte, timu iliyokuwa ikifungwa kila kukicha, ilitafuta wafungaji, ikamwona Biyombo kama mtu asiyejua kufunga. Toronto ikamwona kama mtu asiyehitaji kufunga.

Ishara zilikuwapo mapema. Mwezi wa Machi 2016, dhidi ya Indiana, alidaka ribaundi 25, rekodi ya timu wakati huo. Valančiūnas alipoumia kifundo cha mguu katika mechi ya tatu dhidi ya Miami, Biyombo aliingizwa kuanza mechi, na katika mechi ya saba ya mfululizo ule alipata pointi 17 na ribaundi 16. Toronto ikafika fainali ya kanda kwa mara ya kwanza tangu kuanzishwa. Anayesema kwamba mechi ya tarehe 21 Mei ilimshangaza anatuambia tu kwamba hakuwa akitazama.

Nimeitazama picha ya mechi hiyo kwenye simu zaidi ya mara moja, na namshauri msomaji aitazame hivi: asiufuate mpira. Amfuate Biyombo peke yake kwa robo nzima. Ataona kwamba ribaundi haidakwi mpira unapodunda kwenye chuma. Huanza kudakwa pale mpira unapotoka mkononi mwa mtupaji. Wakati wachezaji wengine wanainua macho kuangalia kama utaingia, Biyombo yuko tayari ameshamtafuta mpinzani aliye karibu, amemwekea mgongo, amechukua nafasi. Ndipo anaruka. Baada ya bloku hutikisa kidole kama anayekataza watoto, ishara iliyopata umaarufu kwa Mkongo mwenzake, Dikembe Mutombo. Watu hukikumbuka kidole, nami sikilaumu, kwa kuwa mchezo ni burudani pia. Lakini kidole ni mapambo. Kazi yenyewe ni ule mgongo.

Katika darasa la fasihi tunafundishwa kutofautisha mhusika mkuu na mhusika msaidizi. Mwanafunzi mvivu huandika kwamba mhusika msaidizi ni yule asiye na umuhimu mkubwa. Ni kosa. Mhusika msaidizi ana kazi yake, na hadithi ikimkosa huanguka, hata kama jina lake halimo kwenye jalada. Wala hapimwi kwa kuulizwa kama angeweza kuwa mhusika mkuu. Anapimwa kwa kuulizwa kama ameitimiza kazi aliyopewa. Kipimo hiki ndicho tunachokisahau tukitoka darasani na kuingia uwanjani.

Tuone sasa mizani ya pili. Miezi miwili baada ya usiku ule, Orlando Magic walimpa Biyombo mkataba wa dola milioni 72 kwa miaka minne. Mwaka ule fedha mpya za televisheni zilikuwa zimepandisha kikomo cha mishahara ya timu kutoka dola milioni 70 hadi 94, kwa hiyo kila timu ilikuwa na pesa za kutumia. Lakini Orlando tayari walikuwa na senta, Nikola Vučević, na walikuwa wamemchukua Serge Ibaka, naye akihitaji dakika za kucheza karibu na kikapu. Hawakuwa na Lowry wala DeRozan. Msimu wa 2016–17 Biyombo alipata wastani wa pointi 6.0 na ribaundi 7.0 kwa dakika 22. Bloku zake zilipungua kutoka 1.6 hadi 1.1. Timu ilishinda mechi 29 na kupoteza 53. Mwaka 2018 akarudishwa Charlotte kwa mabadilishano.

Hapo ndipo waliomsifu walipogeuka. Kwa Kiswahili tunayo methali inayoonekana kufaa: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi naikataa hapa. Zitazame takwimu tena: 5.5 na 8.0 kwa Toronto, 6.0 na 7.0 kwa Orlando, dakika zile zile 22. Mgema huyu hakutia maji. Alileta kibuyu kile kile, ila wanywaji walikuwa wamelipia mapipa. Orlando waliona ribaundi 26 wakazinunua kama gunia la mahindi, wakasahau kwamba ribaundi hizo zilipatikana ndani ya timu iliyoijua kazi ya Biyombo na kumwacha aifanye.

Mfano wa jambo hili tunao nyumbani. Samaki anayevuliwa ziwa George na kupimwa pale Kahendero ana bei moja. Akifika soko la Kasese ana bei nyingine, na akivushwa hadi mpakani Mpondwe ana bei ya tatu. Hakuna anayedai kwamba samaki alijitahidi njiani, au kwamba alizidi matarajio. Kila mtu anajua kwamba ni soko lililobadilika. Kwa nini basi tukifika kwa binadamu tunasahau?

Kuna pingamizi ambalo siwezi kulikwepa. Msomaji anaweza kuniuliza: kumsifu mtu kwa kuwa msaidizi mzuri, je, si kuwafundisha wanyonge waridhike na benchi? Swali ni zito, hasa kwetu vijana wa Kasese, ambao mara nyingi tunaambiwa tusubiri. Jibu langu ni kwamba tusichanganye cheo na malipo. Biyombo hakuridhika, asingefika Yemen wala Hispania kama angekuwa mtu wa kuridhika. Alizipokea dola milioni 72, na alifanya vyema, kwa kuwa mwenye kazi ngumu anastahili ujira. Ninachokipinga ni fikra kwamba msaidizi hastahili heshima wala ujira mpaka kwanza ageuzwe kuwa kinara. Fikra hiyo haimwinui aliye kwenye benchi. Inamwambia kwamba kazi anayoifanya sasa si kazi.

Mwaka 2022 alionekana tena mahali panapomfaa. Baada ya kufiwa na baba yake alikuwa nje ya ligi, kisha Januari Phoenix Suns wakampa mkataba wa siku 10, na baadaye wa msimu mzima. Mbele yake kulikuwa na masenta wawili, Deandre Ayton na JaVale McGee; yeye alikuwa wa tatu. Phoenix walimaliza wakiwa na ushindi 64 na kupoteza 18, rekodi bora katika ligi mwaka ule. Mshahara wake wote wa msimu huo, kama dola milioni 1.3, aliutoa kujenga hospitali nchini Kongo kwa kumbukumbu ya baba yake. Kwenye benchi lile lile alikaa Ish Wainright, Mmarekani aliyevaa jezi yetu ya Uganda katika AfroBasket 2021 mjini Kigali, tulipoifunga Nigeria 80 kwa 68. Phoenix walikuwa wamempa mkataba wa daraja la chini, ule unaomfunga mchezaji kwa timu kubwa na timu ndogo kwa pamoja, na kabla ya mtoano wakaubadilisha kuwa mkataba kamili. Kwa hiyo timu bora ya msimu ule ilikuwa na watu wawili wa upande wetu wa dunia mwishoni mwa benchi lake, na ilijua walikuwa pale kwa kazi gani.

Wahakiki wa michezo, nikiwamo mimi mwanafunzi, tuna neno zuri ambalo hatulitumii sawasawa. Kiswahili humwita mtu huyu mchezaji wa akiba. Akiba si mabaki. Mama anayeweka debe la mahindi pembeni hawekei mahindi mabovu; anaweka yale atakayoyategemea siku ya njaa, na wahenga walisema akiba haiozi. Basi tukiwa watangazaji wa redio, manahodha wa timu za shule au walimu wa michezo, tuanze na jambo moja dogo: tunapoandika matokeo ya mechi, mbali na waliofunga, tuandike pia nani alidaka, nani alizuia, na nani aliweka mgongo wake ili mwingine apite. Kalamu na daftari vinatosha. Tukishakuwa na hesabu hiyo, mtu kama Biyombo akitokea Muhokya hatutasubiri ribaundi 26 ndipo tujue yupo.