Nani Yuko Kazini Hapa?

Siku hizi kazi mpya ina mtindo wake wa kusimuliwa. Huwa ni video ya dakika moja, au picha sita zenye maandishi mafupi. Asubuhi ya kwanza tunaona beji shingoni. Saa saba tunaona sahani, imepigwa picha kutoka juu. Ijumaa jioni ni begi mgongoni na barabara ya kwenda Naivasha au Diani. Mwisho wa mwezi simu mpya inatolewa kwenye kisanduku, na ile plastiki nyembamba ya kioo inabanduliwa polepole, tuisikie ikibanduka. Wimbo unaisha, tunapita kwa video nyingine.

Nimetazama nyingi sana, na sitajifanya mtakatifu: nyingine nazipenda. Mtu amehangaika miaka mitatu akituma barua za kuomba kazi. Akipata, si afurahi tu? Lakini kuna swali ambalo hunibakia kila mara. Huyu mtu ameajiriwa kufanya nini hasa? Nani humtuma, na yeye humtuma nani? Safari ipo, chakula kipo, simu ipo. Kazi yenyewe, ile iliyolipia vyote hivyo, hatuioni.

Watu wazima wakiona video hizi husema vijana wanapenda raha. Mimi sioni kama raha ndiyo shida. Shida ni kwamba tuna njia mbili tu za kusimulia mambo haya, na zote mbili zinatenga kazi na raha kama wagonjwa wa kuambukizana.

Njia ya kwanza tuliipata shuleni. Chukua Utengano ya Said Ahmed Mohamed, riwaya ya 1980 ambayo wanafunzi wengi wa Kenya waliisoma kama kitabu cha mtihani. Maimuna amefungiwa ndani na baba yake, Maksuudi. Anatoroka, na raha anazozikuta huko nje zinamgeuka. Ni kitabu kikali dhidi ya wanaume wa aina ya Maksuudi, na kwangu hapo ndipo nguvu yake ilipo. Lakini jinsi wengi wetu tulivyofundishwa kukisoma ilikuwa nyembamba mno: anasa ina mwisho mbaya, andika, pata alama, fungua ukurasa mwingine. Tukatoka darasani tukiamini kwamba fasihi ya Kiswahili ikimwona kijana anakula vizuri, lazima imtafutie adhabu.

Njia ya pili ni hizi video. Zenyewe zimegoma kuadhibu mtu yeyote, na nazielewa. Ila zimetupa kazi pamoja na adhabu. Njia ya kwanza inaiogopa sahani. Ya pili haitaki kuingia jikoni.

Mtu aliyejaribu njia nyingine hakutoka mbali na sisi. Binyavanga Wainaina alizaliwa Nakuru mwaka 1971. Alikwenda Afrika Kusini kusomea biashara katika Chuo Kikuu cha Transkei, akaacha bila kumaliza. Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hiyo hapo nilikaa vizuri kwenye kiti. Akaishi Cape Town akiandika makala za chakula na safari. Wasifu wake uliochapishwa mara nyingi ulisema amekusanya mapishi zaidi ya 13,000 ya Afrika. Huyu si mtu unayeweza kumwambia kwamba chakula ni mada nyepesi.

Insha yake ndefu Discovering Home ilitokea kwanza kwenye intaneti, katika jarida la mtandaoni liitwalo G21Net, na mwaka 2002 ikashinda Tuzo ya Caine. Mwaka uliofuata jarida la Kwani? likazaliwa Nairobi, naye akiwa mwanzilishi wake. Nataja hili kwa sababu bado kuna wanaodhani kwamba maandishi ya kusomwa kwenye kioo ni ya kupoteza muda tu hadi yapigwe chapa. Mojawapo ya insha zilizobadilisha uandishi wa Kenya ilianzia kwenye kioo.

Insha inaanza mwaka 1995, anaporudi nyumbani kutoka Afrika Kusini. Kuna familia, kuna Nairobi na Nakuru, na mwishoni kuna Krismasi ya ukoo mzima upande wa mama yake, Uganda. Lakini katikati ya yote kuna kazi. Anapata kibarua cha kuzunguka kwa gari akiwashawishi wakulima walime tena pamba, na kibarua hicho kinamfikisha Mwingi. Kwenye sehemu nyingine yuko Umasaini, kwenye shamba la kukodi, pamoja na Kariuki na Langat. Langat! Ukiliita jina hilo hapa stejini Sotik, wanageuka watu wanne, na mmoja ni kondakta.

Ninachokipenda ni kwamba Binyavanga haachi kazi mlangoni ili aende kufurahi. Kazi ndiyo iliyomfikisha kwenye meza. Bila pamba hana sababu ya kuwa Mwingi usiku, na bila usiku ule wa Mwingi, ile insha ingepoteza moyo wake. Umasaini ananyamaza, anawaacha Kariuki na Langat wamteteme mwenye shamba wanavyotaka, na sisi tunajua mambo ya sehemu ile kupitia midomo ya watu walio kazini. Hapo safari inaacha kuwa picha ya mlima. Inakuwa ni habari.

Kwa hiyo nimejitengenezea kipimo, na nakupa bure. Ukisoma chochote kuhusu kazi mpya, safari, chakula au kifaa, uliza: nani yuko kazini hapa? Video zile haziwezi kulijibu hata kwa mhusika wao mkuu. Binyavanga analijibu, ingawa si mpaka mwisho. Gari linapokwenda, kuna anayetazama dirishani na kuna anayeshika usukani. Ningependa kujua mengi zaidi kuhusu wa usukani. Siku moja ningependa kusoma insha ileile, barabara ileile, nyama ileile, ikiwa imeandikwa na Kariuki.

Nayasema haya nikiwa na kazi mpya mimi mwenyewe. Uandishi wa kulipwa kwa makala hautoshi kodi ya nyumba, hata ya Sotik, kwa hiyo tangu mwezi wa pili mimi ni karani katika kituo cha kununulia majani chai, nje kidogo ya mji. Hapa ni njia panda ya kweli. Ukienda kaskazini unapita Kapkatet na Litein hadi Kericho. Ukienda magharibi unaingia Kisii. Ukishika kona ya Kaplong unapita Bomet na Mulot hadi Narok, kwenye nchi ya ngano. Magari ya watalii hupita hapa, abiria wakiinua simu dirishani. Chai yetu hupendeza sana kwenye picha, kwa sababu ni kijani na imenyooka. Watu waliomo ndani yake huonekana kiunoni kwenda juu tu.

Kazi yangu iko hivi. Wakulima huleta majani mabichi. Yanakaguliwa: majani mawili na chipukizi, basi, yaliyokomaa yanatolewa. Gunia linatundikwa kwenye mizani ya kielektroniki. Kilo zinaingia kwenye kimashine nilichoshika mkononi, kinachapisha risiti ndogo, mkulima anaondoka nayo. Majani hayangoji. Yakikaa kwenye gunia yanapata moto na kuharibika, kwa hiyo lori likichelewa kila mtu anatazama barabara. Miezi baadaye, kilo zile zikiwa zimekaushwa na kupigwa mnada Mombasa, zinarudi kama pesa, kidogo au nyingi.

Sasa tumia kipimo changu. Kile kimashine ni kifaa cha kisasa na kinatosha mfukoni. Kama ningetaka, ningekitengenezea video nzuri. Lakini kuna mzee ambaye kila akifika huinama akasoma kioo pamoja nami.

"Kijana, inasema ngapi?"

"Kumi na nane na nusu, mzee."

Hajibu. Amepima nyumbani kwa mizani yake ya ndoano kabla hajaja. Anachukua risiti, anaikunja mara mbili, anaiweka kwenye karatasi ya nailoni pamoja na nyingine za mwezi mzima, anaifunga kwa uzi. Mizani hii ililetwa ili karani asipunje kilo, na kwa kweli imepunguza maneno. Hata hivyo mzee bado anainama asome, maana kioo hiki kimebeba karo ya mjukuu wake. Kifaa kimoja, kwangu ni ajira mpya, kwake ni mtu wa kuchungwa. Simulizi ya teknolojia isiyo na nafasi ya yule mzee ni tangazo la biashara tu.

Na raha zipo, usidhani. Kibanda cha jirani kina ndazi za moto na strungi saa nne. Mchana ni kimyet na isageek, na siku ya bahati mtu anatoa mursik kwenye kibuyu chake. Mama wa kibanda huamka saa kumi usiku kuwasha moto. Nikimtaja yeye, ndazi inazidi kuwa tamu, kwa sababu naelewa kwa nini huisha kabla ya saa tano. Ni watu wengi sana wa kulisha kwa mikono miwili.

Simu yangu nayo ina hadithi. Niliichukua kwa mkopo, nalipa kidogo kila siku. Ukikosa, inajifunga yenyewe mpaka utume pesa. Wengi wa rika langu hapa wanashika simu za namna hiyo. Video za kubandua plastiki hazijawahi kunionyesha kioo kinachokwambia ulipe kwanza ndipo umpigie mamako. Mbona? Ni teknolojia binafsi pia. Pengine ndiyo binafsi kuliko zote.

Kuna kifaa kingine kipya huku kwetu: mashine ya kuchuma chai. Mashamba makubwa yalizileta, na watu waliokuwa wakichuma kwa mikono wakaona nafasi zao zikiyeyuka. Mei 2023, huko Kericho, waandamanaji walizichoma moto. Magazeti yaliiandika kama fujo, au kama takwimu za hasara. Mimi nilitamani mtu aiandike kama simulizi ya kifaa, kwa uzito uleule tunaoupa simu mpya: nani alikifungua kwenye kisanduku, nani alikuwa amesimama kando, na siku ya kwanza ya mtu mmoja kazini ilikuwa siku ya mwisho ya wangapi.

Fasihi yetu ilishaanza kuuliza hivyo zamani, tukitaka kuona. Kuli ya Shafi Adam Shafi ilitoka 1979. Rashidi anaanza kazi bandarini Unguja, kazi ileile ya baba yake, na riwaya inatupeleka hadi mgomo wa 1948. Mimi naisoma kama kitabu cha safari kilichopinduliwa. Meli zimefika kutoka mbali, lakini tunayefuatana naye ni yule ambaye hakusafiri, aliyebeba. Kipimo changu hakimsumbui Shafi hata kidogo. Ukimuuliza nani yuko kazini, anakupa bandari nzima. Upungufu ninaouona ni wa upande mwingine: ukibebeshwa mizigo kurasa kwa kurasa, unaanza kutamani siku ya Rashidi ambayo haitafuti funzo. Sahani moja ya pweza, hivi hivi tu.

Ndiyo maana nawataka wote wawili. Nataka bandari ya Shafi na meza ya Binyavanga kwenye ukurasa mmoja, na nautaka ukurasa huo kwa Kiswahili. Binyavanga aliandika kwa Kiingereza. Hilo si dhambi, lakini limetuachia pengo. Maneno ya kupendeza kuhusu raha tunayo tele, kuanzia taarabu hadi matangazo ya matatu. Maneno ya kazi pia tunayo: kibarua, zamu, mizani, risiti, karani, tingo. Ni nadra kuyakuta yamekaa pamoja bila moja kulihubiria jingine.

Wanaoweza kuyakalisha pamoja ni hao hao wenye video za dakika moja. Wana jicho, wana subira ya kupiga sahani picha mara kumi na mbili, na wako ndani ya kazi sasa hivi, si kwa kuhadithiwa. Wakiacha beji na sahani peke yake, miaka ishirini ijayo mtu akitaka kujua vijana wa 2020 na kitu walikuwa wakifanya nini kuanzia saa mbili hadi saa kumi na moja, hatapata jibu. Atapata kwamba walikula parachichi.

Kwa hiyo wewe uliyeanza kazi Jumatatu iliyopita, tuletee parachichi. Tuletee Diani pia, na simu kwenye kisanduku. Ila kabla hujazima kamera, geuza kidogo upande wa kushoto, pale aliposimama mlinzi, au dereva, au msichana wa kufagia ambaye naye alianza Jumatatu. Muulize anaendeleaje, kisha andika alichosema.