Neno Kamusini na Neno Usoni pa Mtu: Maadili ya Data katika Tasnifu ya Udaktari

Suala la maadili katika sayansi ya data aghalabu huachiwa wataalamu wa kompyuta na wanasheria, na idara za lugha huhesabiwa kuwa nje ya shughuli hiyo. Makala ya Abeba Birhane na Vinay Prabhu juu ya makusanyo makubwa ya picha, yaliyotolewa mwaka 2020, yanaonyesha kuwa mgawanyo huu haufai. Kosa waliloligundua lilikuwa, katika asili yake, kosa la kutumia kamusi.

Birhane, mzaliwa wa Ethiopia, alikuwa bado mwanafunzi wa udaktari mjini Dublin. Miongoni mwa makusanyo waliyoyachunguza ni yale yaliyotengenezwa na watafiti wa MIT, Marekani, mwaka 2006, yenye picha ndogo zipatazo milioni 80. Picha hizo zilikusanywa kwa programu kutoka intaneti, kila moja ikiwa na jina lililotokana na WordNet, hazina ya maneno ya Kiingereza iliyoanza kutungwa Princeton katika miaka ya 1980. Kwa kuwa hazina hiyo, kama kamusi yoyote pana, ina matusi ya rangi na ya jinsia, matusi hayo yaligeuka vitambulisho vya picha za watu. Mnamo Juni 2020 MIT iliyaondoa makusanyo hayo, ikaeleza kuwa picha ni nyingi mno na ndogo mno kukaguliwa kwa macho.

Hapa ndipo mwanaisimu anapohusika. Kutaja neno si sawa na kumwita mtu kwa neno hilo. Neno 'mshenzi' limo katika kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, na ni haki liwemo; pasipo hilo msomaji hataelewa jinsi watu wa pwani walivyowatazama watu wa bara. Mtunga kamusi hakumtukana yeyote. Lakini neno lilo hilo likibandikwa kwenye picha ya mkulima, kisha programu ikafunzwa kwa picha hiyo, limekwisha kuwa hukumu.

Ubora wa makala haya ni kwamba waandishi waliyasoma majina yenyewe, hawakuridhika na kupima usahihi wa programu. Upungufu wake ni kwamba mapendekezo yao, kama vile kuficha nyuso na kukagua data, yanahusu zaidi makusanyo kuliko malezi ya mtafiti. MIT iliwaomba wenye nakala wazifute. Hata hivyo, kuomba si kurudisha.

Nchini Kenya mtahiniwa wa udaktari huomba kibali cha NACOSTI, na huwaomba ridhaa wale atakaowahoji. Taratibu hizi humlinda mtu aliye mbele ya mtafiti. Anayechota maelfu ya maandishi ya watu asiowajua hakumhoji mtu, na kwa hiyo aweza kudhani kuwa hana wa kumwomba ridhaa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 imeweka nafasi maalumu kwa utafiti, lakini ruhusa ya sheria haimwondolei mtafiti wajibu wa kufikiri.

Tuchukue mfano wa tasnifu inayoainisha lugha ya chuki katika Kiswahili. Maneno ambayo kati ya wageni ni tusi, kati ya watani ni ishara ya ujamaa. Anayeyaainisha bila kujua nani alimwambia nani atawahesabu watani kuwa maadui, na programu itarithi kosa hilo.

Basi maadili hayawezi kuishia katika fomu inayotiwa sahihi kabla ya utafiti. Yanastahili nafasi katika sura ya mbinu, ambapo mtahiniwa ataeleza maneno yalitoka wapi, nani aliyasema, nani aliyapa vitambulisho, na kwa ujuzi gani. Mtahini naye ayaulize hayo kwa ukali ule ule anaoulizia nadharia. Tasnifu isiyoweza kuyajibu haijaijua data yake.